Mawimbi yakikataa: hitilafu za kebo, antena na faiba tunazoitiwa kila wiki Mombasa

Nilianzia kazi kwenye chumba cha mitambo ya redio kabla sijahamia swichi na rauta, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta, na mpaka leo nikiitwa kutazama mtandao uliokwama hujikuta nawaza kama mtu wa redio. Umeme ukishapanda na kushuka haraka ndani ya waya huwa ni mawimbi, na mawimbi hayajali kama yamebeba taarabu au barua pepe. Hufifia yakienda mbali, hurudi nyuma yakikuta kiungio kibovu, hunaswa na kila chuma kilichosimama njiani.

Tofauti iko kwengine. Mtambo wa redio au televisheni hurusha na hauna njia ya kumwuliza msikilizaji kama amepata. Kwa hivyo kila kitu hulipiwa mapema: nguvu ya ziada, mnara mrefu, na kwa televisheni ya dijitali, misimbo ya kusahihisha makosa inayosafiri pamoja na picha. Mtandao wa kompyuta ni mazungumzo. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ikipotea, hutumwa nyingine. Ndiyo maana kebo mbovu ya antena hukuaibisha sebuleni mbele ya wageni, ilhali kebo mbovu ya mtandao husitiriwa na kompyuta zenyewe, zikituma tena na tena, mpaka mwenye ofisi aanze kugombana na kampuni inayomuuzia intaneti. Mara nyingi kampuni haina kosa. Kosa liko nyuma ya kabati.

Kabla ya kushika bisibisi

Beba testa ya taa nane ya kupimia nyaya za kebo, multimita, laptopu, daftari, na kebo fupi moja unayoiamini kama unavyoiamini saa yako. Hiyo kebo fupi imenitatulia kazi nyingi kuliko vifaa vingine vyote nilivyonunua.

Kisha tafuta ushahidi. Swichi inayoweza kusimamiwa ina ukurasa wa hesabu za kila tundu. Tazama safu iliyoandikwa CRC au FCS. Hizo ni fremu, yaani pakiti ndani ya bahasha yake, zilizofika zikiwa zimeharibika, na swichi huzitupa kimya kimya bila kumwambia mtu. Namba ikikaa sifuri siku nzima, kebo ya tundu hilo haina hatia. Ikipanda huku unaitazama, shida ni ya kebo, kichwa, au kadi ya upande wa pili. Kama swichi ni ya bei rahisi isiyo na ukurasa, tumia amri ya ping kwa pakiti 500 za baiti 1472, kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya jengo, wala si mpaka intaneti. Kwenye waya mzima haifai kupotea hata moja.

"Tumelipia kasi kubwa, lakini haivuki mia"

Tazama kompyuta inasema imeungana kwa kasi gani. Ikisema megabiti 100 na vifaa vyote ni vya gigabiti, sababu hujulikana kabla hujainuka kitini. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu za waya, yaani pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutumia jozi zote nne kwa pamoja. Waya mmoja wa pini 4, 5, 7 au 8 ukikatika, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi 100 bila kulalamika, kama gari linalotembea kwa silinda tatu.

Anza na hizi, kwa mpangilio huu:

1. Kebo fupi ya mezani, ile inayokanyagwa na magurudumu ya kiti. Weka yako ya kuaminika.
2. Kichwa cha RJ45, kile cha plastiki mwishoni mwa kebo. Kitoe ukitazame kwenye mwanga. Ukiona ukijani juu ya pini, hiyo ni chumvi ya bahari. Kata sentimita tatu, bana kichwa kipya. Nyumba za Nyali na Bamburi zinazotazama bahari madirisha wazi hula vichwa kuliko zile za ndani ya mji.
3. Tundu la ukutani ambalo waya wake haukuzama vizuri.
4. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa alumini. Hukatika kwenye kona, na ukatikaji wake hauonekani kwa nje.
5. Kifaa chenyewe kiliwekewa kasi kwa mkono na mtu aliyepita zamani. Rudisha kwenye kujichagulia (auto). Upande mmoja ukiwa wa mkono na mwingine wa kujichagulia, CRC hupanda hata kebo ikiwa mpya.

"Testa yawaka taa zote nane, na mtandao hautembei"

Hapa ndipo mafundi wengi huaibika, nami nilikuwa mmoja wao. Ofisi moja ya mizigo upande wa Kilindini ilikuwa na kebo kumi na mbili mpya, zote zimepita testa, taa zikipokezana moja hadi nane kama askari wa gwaride. Faili ndogo zilipita. Faili kubwa zilikwama njiani. Nilibadilisha swichi, nikabadilisha rauta, nikamlaumu mtu wa kompyuta. Siku ya pili ndipo nilipokaa chini nikakisoma kichwa rangi kwa rangi.

Aliyebana alipanga rangi kwa usafi wa macho: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Kapanga hivyo pande zote mbili, kwa hivyo pini moja yafika moja na nane yafika nane. Testa ya taa haiulizi swali jingine. Lakini kifaa hutumia pini 3 na 6 kama jozi moja, na kwa mpangilio ule pini 3 ni nyeupe-kijani na pini 6 ni bluu: waya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja.

Kusokota ndiyo siri yote. Waya mbili zikisokotwa, kelele ya nje huziingia zote kwa kiasi kilekile, na mpokeaji, anayesoma tofauti kati yao, huifuta kwa kutoa. Mtu wa studio aijua hii kwa jina la laini ya mizani: kebo ya maikrofoni ya XLR hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo, na ndiyo maana hukimbia mita nyingi ukumbini bila kuvuma. Ukizitenganisha, kila jozi humwagia jirani yake mawimbi. Mpangilio sahihi unaotumika sana kwetu ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Rangi zikiwa sawa na bado CRC yapanda, pima urefu. Kikomo ni mita 100, ukihesabu na vipande vya mezani. Kwenye maghala watu huvuta 130 na mtandao huwaka, kwa sababu kifaa kizuri huvumilia. Kisha siku ya joto kali, shaba ikiongeza ukinzani, hauvumilii tena. Halafu fuata njia ya kebo kwa macho: imelala pamoja na waya wa umeme wa mashine ya lifti au pampu? Itenge walau kwa shubiri moja, na pale zinapolazimika kuvukana, zivukane kwa pembe ya mraba.

*Simama hapa:* kama kebo ya mtandao imepitishwa ndani ya bomba moja na nyaya za umeme wa volti 240, usiivute. Ngozi za nyaya huenda zimeshachunika humo ndani. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni azime kwanza.

"Fundi, kamera zafa kila ikiingia magharibi"

Mteja huyu hudhani ni wezi, au ni majini. Ni taa. Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za infraredi na kuvuta umeme mara mbili ya mchana, na kama njia ya umeme ni dhaifu, kamera huzima, hupumzika, huwaka, huwasha taa, huzima tena. Mpaka alfajiri.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni umeme wa volti 12 kupitishwa kwenye jozi za akiba za kebo ya mtandao. Fanya hesabu. Kamera ya wati 9 kwa volti 12 yavuta ampea 0.75. Mita 60 za kebo ya shaba, ukitumia jozi moja kwenda na moja kurudi, zina ukinzani wa karibu omu 5. Zidisha: karibu volti 4 zimepotea njiani, na kamera yabaki na nane. Sasa peleka wati 9 zizo hizo kwa volti 48 za PoE, yaani umeme unaotumwa na swichi ndani ya kebo ya mtandao: ampea hazifiki 0.2, na kinachopotea ni kama volti moja tu. Kwa kebo ya alumini, hasara huongezeka kwa nusu nzima na zaidi. Dawa ni kuacha volti 12 na kutumia swichi ya PoE halisi, au kuweka usambazaji wa umeme karibu na kamera.

Sababu ya pili: swichi ya PoE ipo, lakini bajeti yake ya wati ni ndogo. Tundu moja la kawaida hutoa hadi wati 15.4, lakini swichi ya matundu nane yenye wati 60 haiwezi kuyapa yote nane kiasi hicho. Jumlisha wati za usiku za kamera zote, si za mchana.

Ya tatu ni kutu kwenye kichwa cha nje. Umeme ukipita kwenye unyevu wenye chumvi hula pini haraka kuliko data peke yake.

Watu wa dishi waujua ugonjwa huu kwa sura nyingine. Kile kichwa cha mbele ya dishi hulishwa na king'amuzi kupitia kebo ileile ya mawimbi: volti 13 kuchagua mawimbi ya wima, 18 kuchagua ya mlalo. Kiungio kikiloa, zile 18 hufika juu zikiwa zimepungua, kichwa chadhani umetaka wima, na nusu ya chaneli hupotea huku nyingine ziking'aa. Ukisikia "chaneli nyingine zipo na nyingine hazipo", panda na multimita kabla hujagusa mwelekeo wa dishi.

"Picha yakatika vipande vipande, kisha yasimama"

Kabla ya 2015, mwaka Kenya ilipozima televisheni ya analogi, mawimbi dhaifu yalijionyesha kama mchele kwenye kioo. Uliona ugonjwa ukija polepole, ukageuza antena, ukaendelea na mpira. Dijitali haina mchele. Misimbo ya kusahihisha husafisha makosa yote hadi mstari wa mwisho, na ukivuka mstari huo picha huporomoka kama mtu aliyefika ukingo wa ngome gizani. Kwa hiyo king'amuzi kinachoonyesha vizuri leo chaweza kuwa desibeli moja tu kutoka ukingoni.

Fungua menyu ya king'amuzi usome namba mbili, nguvu na ubora. Nguvu ndogo na ubora mdogo: mawimbi hayafiki. Nguvu kubwa na ubora mdogo: yanafika yamechafuka, na busta, yaani kikuza mawimbi, haitasaidia kitu.

Kinachovunja rekodi hapa Pwani ni maji ndani ya kiungio. Maji ya mvua yenye chumvi huingia juu kwenye antena na kusambaa ndani ya wavu wa kebo kama mafuta yapandavyo utambi, mita mbili tatu. Kata kebo mpaka uone shaba inayong'aa, si ile nyeusi. Funga kiungio kipya, zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na iache kebo ining'inie kitanzi kidogo chini ya kiungio ili maji yadondokee pale badala ya kuingia ndani.

Baada ya maji, busta. Watu huifunga nyuma ya televisheni, mwisho wa kebo ya mita 20, ambako nusu ya mawimbi imeshaliwa na njia. Hapo busta hukuza mabaki pamoja na kelele. Mahali pake ni juu, penye antena. Na ukiwa karibu na mnara, iondoe kabisa: mawimbi makubwa mno huilewesha, na dalili yake ni hiyo nguvu kubwa yenye ubora mdogo.

Halafu kuna kigawanyi, kile kinachogawa kebo moja ya antena kwa televisheni kadhaa. Kila televisheni kati ya mbili hupata chini ya nusu. Chenye matundu manne nawe unatumia mawili ni hasara ya bure.

Antena iliyogeuzwa na upepo wa kusi ni rahisi: tazama za majirani zinaelekea wapi. Mnazi uliokua mbele yake pia ni rahisi kuuona, ila kumwambia jirani aukate ni kazi nyingine.

Mwisho kabisa, kebo ya omu 50 mahali pa omu 75. Mafundi hulaumu hili sana, nami naona wanazidisha. Ukiunganisha 50 na 75, kinachorudi nyuma ni asilimia 4 ya nguvu. Kwa televisheni ya nyumbani huwezi hata kuiona. Kosa hilohilo kwenye mtambo wa kurusha ni habari nyingine, tutafika.

*Simama hapa:* mabati yakiwa yameloa, usipande. Na usisimamishe mlingoti wa chuma mahali ambapo ukianguka waweza kugusa nyaya za umeme. Pima urefu wa mlingoti kwa umbali wa nyaya, na usibahatishe.

"Waifai yafika sebuleni, chumbani haipo"

Nyumba za Mji wa Kale zina kuta za matumbawe nene, nyingine zinafika nusu mita. Redio ya FM, yenye wimbi la mita 3, huzunguka kona na kuingia dirishani. Wimbi la gigahezi 5 lina sentimita 6 na halina subira hiyo. Jaribu kwanza gigahezi 2.4, yenye wimbi la sentimita 12 na nusu, kwenye chaneli 1, 6 au 11, moja ambayo jirani haitumii. Ondoa rauta nyuma ya kioo cha kabati, na uiweke mbali na tangi la maji. Isipotosha, vuta waya hadi ghorofa ya juu uweke kifaa cha pili. Usinunue rauta yenye antena nane. Simu yako ndiyo inayoshindwa kujibu, na simu haikuongezewa antena.

"Laini ya ng'ambo yakata mara kadhaa kwa siku, na saa zahama"

Hii naipenda kuliko zote, na ni ya watu wanaoishi kisiwani. Ofisi moja iko upande huu wa maji, ghala liko upande wa pili, na kati yao kuna redio mbili za gigahezi 5 zinazotazamana juu ya bahari. Hakuna mti, hakuna jengo. Na bado inakata.

Ziondoe kwanza sababu za kawaida: antena imelegea kwenye mlingoti, kichwa cha kebo kimeloa, au kuna mtu mwingine kwenye chaneli yako, jambo ambalo redio yenyewe itakuonyesha ukiiambia ipekue masafa. Hizo zikiwa safi, chukua daftari. Andika saa ya kila ukatikaji kwa siku nne. Ukiona saa zinasogea mbele karibu dakika 50 kila siku, funga kisanduku cha vifaa umtafute mvuvi. Hizo ni saa za maji kujaa na kupwa.

Kinachotokea ni kwamba mawimbi yafika kwa njia mbili: moja moja kwa moja, nyingine ikigonga uso wa maji kama kwenye kioo. Zikifika pamoja zikisukumana upande mmoja, nguvu huongezeka. Zikifika zikipingana, hufutana. Chukua mfano wa antena mbili zilizo mita 10 juu ya maji yaliyokupwa, umbali wa kilomita 2. Njia ya kupitia majini ni ndefu zaidi kwa sentimita 10 hivi. Maji yakijaa kwa mita 3, na wakati wa bamvua hapa kwetu hupita hapo, tofauti hiyo hushuka hadi sentimita 5. Wimbi la gigahezi 5.8 lina urefu wa sentimita 5 na kidogo. Yaani kutoka kupwa hadi kujaa, wimbi la majini hupita mzunguko mzima mbele ya mwenzake, na mahali fulani katikati ya safari hiyo lazima wapingane. Siku za maji mafu, bahari ikisogea kidogo tu, laini yaweza kukaa wiki bila kukata, na fundi aliyebadilisha redio wiki hiyo husifiwa bure.

Kwenye televisheni ya analogi jambo hili lilikuwa picha ya mzuka, mtu na kivuli chake pembeni. Mitambo ya dijitali huacha nafasi tupu kati ya alama na alama ili mwangwi uishe, na Waifai nayo huacha nafasi kama hiyo. Lakini nafasi hiyo husaidia mwangwi uliochelewa. Huu wa sentimita 10 haujachelewa hata kidogo. Hufika pamoja na mwenzake na kumkaba. Kuongeza nguvu hakusaidii pia, maana unawaongezea wote wawili.

Dawa ni ya mahali. Shusha antena moja na kuinua nyingine, ili mahali pa kugonga pasogee hadi kwenye mikoko au nchi kavu, ambako mawimbi hutawanyika. Au irudishe antena nyuma juu ya paa, ukingo wa jengo uzibe njia ya majini huku ya moja kwa moja ikibaki wazi. Nilishatatua moja kwa kuisogeza antena mita nne nyuma, bila kununua chochote isipokuwa boliti. Ikishindikana, weka redio ya pili kwa kimo tofauti: moja ikizama, nyingine huwa iko juu.

"Taa nyekundu yawaka kwenye kisanduku cha faiba"

Kwanza tazama faiba yenyewe, ile kebo nyembamba ya kioo inayobeba mwanga, nyuma ya kisanduku. Imebanwa na meza? Imekunjwa? Duara lake lisiwe dogo kuliko kikombe cha muuza kahawa. Mwanga hutoka nje kwenye kona kali. Kisha tazama rangi za viungio: kijani huingia kwenye kijani, bluu kwenye bluu. Uso wa kile cha kijani umekatwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi upotee pembeni. Ukikisukuma kwenye cha bluu, chaingia vizuri, lakini nyuso hazigusani sawa na mwanga mwingi hupotea.

Kama una ukurasa wa kisanduku, soma nguvu ya mwanga inayopokelewa. Kati ya -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu; kadiri namba inavyozidi chini ya sifuri, ndivyo mwanga ulivyo hafifu) ndipo kinapotakiwa kuwa. Ukiwa -26 unafanya kazi kwa bahati. Vumbi ni sababu ya kawaida, kwani kiini cha faiba kina maikromita 9, na unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Kisafishe kwa kalamu maalumu ya kusafishia. Kanzu haifai.

*Simama hapa:* usichungulie ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani na jicho halikwepi kisicholiumiza. Ikiwa imekatika nje kwenye nguzo, ni ya kampuni, usipande.

"Mvua ya radi imepita, tundu limekufa"

Kebo ya shaba kati ya majengo mawili ndiyo mshukiwa. Transfoma ndogo ndani ya kila tundu huzuia hadi volti 1500, na radi haina habari na namba hiyo hata ikipiga mbali. Usibadilishe tundu tu kisha ukasubiri masika mengine. Kati ya jengo na jengo, vuta faiba.

"Mtambo ukiwashwa, kompyuta zapotea"

Hii ni ya vituo vidogo vya redio, ambako studio na mtambo wa FM viko jengo moja. Masafa ya FM ni megahezi 87.5 hadi 108. Kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e imepimwa hadi megahezi 100, Cat6 hadi 250, kwa hivyo redio inaimba mlangoni mwa kebo yako au ndani kabisa. Isitoshe, robo ya wimbi la FM ni sentimita 75: kebo za mezani za urefu huo, au mara mbili yake, ni antena nzuri bila kukusudiwa.

Badilisha urefu wa kebo kwanza. Halafu bana pete za feraiti karibu na vichwa vya pande zote mbili, ukizungusha kebo mara mbili tatu ndani yake. Kisha kebo yenye ngao, ngao ikiwa imefika athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kweli. Na kama chumba ni kimoja na mtambo, usihangaike: weka faiba, haisikii redio.

Mvumo mzito kwenye sauti ni ugonjwa tofauti. Huo ni umeme wa hezi 50 unaozunguka kati ya athi mbili, mara nyingi kompyuta ikiwa kwenye soketi moja na mikisa (kichanganya sauti) kwenye nyingine. Ziweke zote kwenye soketi moja. Ukibaki, tia transfoma ya kutenganisha sauti. Kuna wanaokata waya wa athi kwenye plagi na mvumo hunyamaza. Siku kompyuta itakapovuja umeme, njia itakayobaki ni mwili wa mtangazaji.

Halafu tazama mita ya nguvu inayorudi kwenye mtambo. Ile tofauti ya 50 na 75 niliyoidharau nyumbani, hapa kwenye mtambo wa wati 1000 ni wati 40 zinazorudi, na kiungio kilichooza juu mnarani hurudisha mara kadhaa ya hizo. Mitambo mingi hujipunguza yenyewe, na wasikilizaji wa mbali hupotea bila mtu wa studio kujua, maana mnara hauna wa kumwuliza. Ukiona namba inapanda, punguza nguvu au zima.

*Simama hapa kabisa.* Usiing'oe kebo ya antena mtambo ukiwa umewashwa. Mawimbi huunguza nyama kutoka ndani. Usipande mnara unaorusha. Usibadilishe masafa wala nguvu bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mwite fundi wa mitambo. Atakuja na mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, azime, atoe kebo ya antena, afunge mzigo mahali pake, awashe kwa nguvu ndogo na kutazama mita. Inayorudi ikishuka karibu na sifuri, ugonjwa uko juu mnarani. Ikibaki palepale, uko ndani ya mtambo.